Matatizo ya ngozi, nywele na manyoya ya mifugo: kutoka dalili hadi chanzo

Mfugaji akiona mbuzi wake ananyonyoka nywele, mara nyingi hatua yake ya kwanza ni kwenda duka la dawa za mifugo kununua ivermectin, na ng'ombe akitokwa na vinundu hatua huwa ileile. Dawa hiyo ni nzuri kwa kazi yake, yaani kuua minyoo ya mviringo na baadhi ya vimelea vinavyoishi ndani na juu ya ngozi, lakini haina nguvu yoyote dhidi ya kuvu, bakteria, virusi, upungufu wa madini wala ini lililoharibiwa na sumu ya mimea, ilhali vyote hivyo vinaweza kujitokeza kwenye ngozi kwa sura zinazokaribiana. Kwa hiyo, kabla ya kufikiria dawa yoyote, mfugaji anapaswa kujua mambo manne: kama mnyama anajikuna, tatizo lilianzia sehemu gani ya mwili, ni wanyama wangapi wenye hali hiyo, na kama mnyama ana homa au amepunguza kula. Swali la kujikuna lina uzito kuliko mengine yote, na ndilo linaloongoza mpangilio wa maelezo haya.

Jambo moja kuhusu ngozi yenyewe

Ngozi ya wanyama wenye uti wa mgongo ina tabaka la nje na tabaka la ndani. Tabaka la nje hutengeneza keratini, protini ngumu ambayo ndiyo hujenga nywele, manyoya ya ndege, magamba ya miguu ya kuku, ganda la pembe na ukuta wa kwato. (Magamba ya samaki yana asili nyingine, kwa kuwa hutoka tabaka la ndani na yana madini kama ya mfupa, hivyo hayahusiki hapa.) Sehemu ya unywele au unyoya tunayoiona haina uhai, na kilicho hai ni shina lililozama kwenye ngozi. Ndiyo maana mnyama aliyetibiwa vizuri huendelea kuonekana na upara kwa wiki kadhaa, na mfugaji asiyelijua hilo hurudia sindano akidhani dawa imeshindwa. Uponyaji upimwe kwa kuacha kujikuna, kwa ngozi kulainika na kwa nywele mpya fupi kuanza kuchomoza, wala si kwa ukubwa wa upara.

Mnyama anajikuna mfululizo

Mbuzi anayejisugua kwenye nguzo za banda, anayejikuna kwa kwato na kujing'ata, huku ngozi ya uso, midomo, kingo za macho na masikio ikiwa imekauka na kuweka magaga, ashukiwe kwanza kuwa na ukurutu unaoletwa na Sarcoptes. Kimelea hiki, ambacho ni vigumu kukiona kwa macho, huchimba vijia ndani ya tabaka la nje la ngozi na kutaga mayai humo. Ugonjwa ukiachwa, ngozi huwa nene na kujikunja, hali huenea hadi tumboni na miguuni, na mnyama hukonda kwa sababu hapati utulivu wa kula wala kupumzika. Mtu anayemshika mnyama huyo anaweza kupata vipele vinavyowasha mikononi na kiunoni, ambavyo kwa kawaida hupungua mnyama anapotibiwa.

Hapa ndipo ivermectin inapofaa. Kipimo cha kawaida kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe ni mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, chini ya ngozi. Kwa dawa yenye nguvu ya asilimia 1 hiyo ni mililita 1 kwa kilo 50, hivyo mbuzi wa kilo 25 anahitaji nusu mililita. Nguruwe hupewa zaidi kidogo, mikrogramu 300 kwa kilo. Uzito upimwe kwa mizani au kwa utepe wa kifuani, kwa kuwa makadirio ya macho hukosea kwa kiasi kikubwa. Sindano irudiwe baada ya takriban siku 14, kwa sababu mayai hayauawi na dozi ya kwanza, na wanyama wote wanaolala pamoja watibiwe siku moja hata wasioonyesha dalili. Muda wa kusubiri kabla ya kuchinja umeandikwa kwenye chupa, na dawa nyingi za aina hii haziruhusiwi kwa mnyama ambaye maziwa yake yananywewa na watu, jambo ambalo wengi hulipuuza.

Kujikuna kukiendelea baada ya dozi mbili sahihi, huenda kimelea si kile kilichodhaniwa. Kwa kondoo, Psoroptes haichimbi bali huishi juu ya ngozi chini ya sufi, na hutambulika kwa mafungu ya sufi yanayochomoka na kuning'inia. Hiyo huhitaji sindano mbili za ivermectin zilizoachana siku 7, au josho la kuzamisha mwili mzima. Uwezekano wa pili ni chawa, na hapa pana undani unaostahili kujulikana. Chawa wako wa aina mbili, wanaofyonza damu na wanaotafuna taka za ngozi. Dawa ya sindano husambaa kwa njia ya damu, kwa hiyo humfikia vizuri anayefyonza, lakini anayetafuna hupata kidogo sana na huendelea na maisha yake. Mfugaji anayedunga sindano dhidi ya chawa watafunaji hupoteza fedha. Kinachotakiwa ni dawa ya kunyunyiza au ya kupaka mgongoni inayogusa nywele zenyewe. Pasua nywele za shingoni na mgongoni kwenye mwanga wa jua, nawe utawaona chawa na mayai yao yaliyogandamana kwenye nywele.

Kupe hawahitaji uchunguzi mwingi kwa kuwa wanaonekana. Inatosha kukumbusha kwamba kupe wa kahawia wa masikioni, Rhipicephalus appendiculatus, ndiye anayeeneza ndigana kali, hivyo ng'ombe mwenye kupe masikioni na tezi iliyovimba chini ya sikio apimwe joto siku hiyohiyo, kwani kidonda cha sikio ni jambo dogo mbele ya ugonjwa huo.

Nywele zinatoka lakini mnyama hajikuni

Ndama wenye umri wa chini ya mwaka mmoja ndio wanaopata zaidi mabaka ya mviringo yenye maganda mazito ya kijivu kuzunguka macho, masikioni na shingoni. Hiyo kwa kawaida ni choa, inayoletwa na kuvu iitwayo Trichophyton verrucosum, na kujikuna huwa kidogo au hakupo kabisa. Ivermectin haitafanya lolote. Mara nyingi choa hupona yenyewe katika miezi michache kadiri kinga ya ndama inavyokomaa. Matibabu husaidia zaidi kupunguza maambukizi kwa wengine na kwa watu wa nyumbani, hasa watoto, kwa sababu kuvu hii humwambukiza binadamu kwa urahisi. Vaa glavu, lainisha maganda kwa maji ya sabuni, yabandue, yachome moto, kisha paka ayodini kwa siku kadhaa ukiepuka kugusa macho. Mbegu za kuvu hukaa hai kwenye mbao na kuta za banda kwa muda mrefu, hata miaka, hivyo banda lenye giza na unyevu litaendelea kuwaambukiza ndama wapya hadi lisafishwe na kupata jua.

Magaga yanayotokea wakati wa masika ni suala tofauti. Iwapo nywele za mgongoni na mapajani zimeshikamana katika vishungi vidogo, na ukivuta kishungi kinang'oka pamoja na gaga lenye unyevu upande wa chini na kuacha ngozi ya waridi inayochuruzika, tatizo huenda ni dermatofilosisi. Bakteria wake anaitwa Dermatophilus congolensis kwa sababu maelezo yake ya kwanza, ya mwaka 1915, yalitoka Kongo ya Wabelgiji. Huingia pale ngozi ilipolowana kwa muda mrefu au kujeruhiwa na miiba na kupe, na hali huwa mbaya zaidi mahali penye kupe mkubwa mwenye rangirangi, Amblyomma variegatum. Ng'ombe wa kigeni huathirika kuliko wa asili.

Tiba ni antibayotiki ya sindano chini ya usimamizi wa daktari wa mifugo, kwa kawaida oksitetrasaiklini inayofanya kazi mwilini kwa muda mrefu, pamoja na kumweka mnyama mahali pakavu. Mfugaji hapa hujikuta njia panda: kupe lazima wadhibitiwe, lakini kuogesha kwa maji mengi kunalowesha ngozi ileile inayohitaji kukauka. Kwa maoni yangu ni afadhali kutumia dawa ya kumiminwa mgongoni hadi mvua zipungue, au kunyunyiza asubuhi ya siku yenye jua kali, kuliko kuacha kupe waongezeke.

Pale ambapo hakuna gaga wala kidonda, na nywele zimefifia tu kwa usawa pande zote mbili za mwili, tafuta chanzo kwenye chakula. Ng'ombe mweusi anayegeuka rangi ya kutu na kupata duara la nywele hafifu kuzunguka macho anaweza kuwa na upungufu wa shaba. Upungufu wa zinki hufanya ngozi ya miguu na usoni kuwa nene na kupasuka. Kwa nguruwe wanaokua hutokea hata zinki ikiwepo, endapo chakula kimezidishwa chokaa, na hufanana na ukurutu isipokuwa nguruwe hajikuni sana. Dawa ya yote mawili ni madini yaliyopimwa. Onyo moja ni la lazima: madini ya ng'ombe yenye shaba nyingi yasipewe kondoo, ambaye hulimbikiza shaba kwenye ini na kufa kwa sumu yake.

Vinundu na uvimbe kwenye ngozi ya ng'ombe

Ugonjwa wa mapele ngozi ndio unaotisha zaidi, na si bure. Uliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1929 katika nchi ambayo sasa ni Zambia, ukafika Kenya mwaka 1957, na katika miongo ya karibuni umevuka hadi Ulaya na Asia. Virusi vyake ni ndugu wa karibu wa virusi vya ndui ya mbuzi na kondoo, na husambazwa hasa na wadudu wanaouma, wakiwemo mbu, nzi na kupe.

Mfuatano wa dalili ndio unaoutofautisha. Homa hutangulia, mara nyingi ikizidi nyuzi joto 40.5, macho na pua hutoa majimaji, maziwa hupungua ghafla, na tezi zilizo mbele ya bega huvimba hadi kuonekana. Siku chache baadaye hutokea vinundu vigumu vya mviringo, vingi vyake vikiwa na upana wa sentimita 2 hadi 5, vilivyoshika unene wote wa ngozi. Ukikamata ngozi na kuikunja, kinundu huja nayo. Baadaye kitovu cha kinundu hufa, hudondoka kama kizibo, na kuacha kidonda kinachovutia nzi wa funza. Miguu na kifua vinaweza kuvimba.

Linganisha na hali nyingine. Uvimbe uliojaa mwilini ndani ya saa chache na kutoweka kesho yake ni mzio, kwa mfano wa kuumwa na nyuki au wa dawa fulani. Vinundu vidogo mabegani na shingoni, visivyo na homa, vinavyotoa uji mzito mweupe vikikamuliwa, huelekea kuwa vya Demodex, kimelea kingine cha ngozi. Hivi mara nyingi hugunduliwa kiwandani ngozi inapochunwa nywele, wakati thamani yake imeshapotea. Chunjua huota nje ya ngozi, juu yake pakiwa na mikwaruzo, huwapata zaidi wanyama wachanga, na nyingi huanguka zenyewe baada ya miezi.

Ukishuku mapele ngozi, mtenge mnyama, zuia mifugo isiingie wala kutoka bomani, na mjulishe afisa mifugo wa eneo lako, kwani huu ni ugonjwa wa kutolewa taarifa. Hakuna dawa inayoua virusi hivyo. Antibiotiki hutolewa kuzuia vidonda visioze na mapafu yasishambuliwe, na vidonda hupakwa dawa ya kufukuza nzi. Chanjo huwakinga wasioambukizwa, na wakati wa kuchanja kila ng'ombe atumiwe sindano yake, kwa kuwa sindano moja inayozunguka bomani inaweza kubeba virusi kutoka kwa aliyekwisha kuambukizwa. Binadamu haambukizwi.

Ngozi nyeupe imeungua, nyeusi ni salama

Dalili hii hutambulika kwa haraka kuliko zote, lakini hutibiwa vibaya kuliko zote. Ng'ombe wa Friesian au Ayrshire anaonekana na ngozi iliyovimba, kisha iliyokauka na kubanduka, kwenye madoa meupe pekee. Mpaka kati ya sehemu nyeupe na nyeusi umekatika kwa mstari dhahiri. Hakuna kimelea wala kuvu inayochagua rangi namna hiyo. Kinachochagua rangi ni jua, na sababu ya jua kuunguza iko kwenye ini.

Tumbo la mnyama anayecheua huvunja klorofili ya majani na kuzalisha filoeritrini, ambayo ini lenye afya huitoa kupitia nyongo. Ini likiharibika, filoeritrini hubaki kwenye damu, hufika kwenye ngozi, na mwanga wa jua unapoigonga pale pasipo na rangi nyeusi ya kukinga, seli hufa. Chanzo kinachojulikana sana katika Afrika Mashariki ni lantana, kichaka cha maua ya rangi mchanganyiko kinachopandwa kama ua na kuenea chenyewe malishoni, ambacho mifugo hukila hasa wakati wa ukame au wanapohamishiwa eneo wasilolizoea. Angalia weupe wa macho kama umekuwa njano, kama kinyesi kimekuwa kigumu, na kama mnyama anakimbilia kivuli.

Mwondoe malishoni mara moja na umweke ndani ya banda lenye kivuli kamili, alishwe na kunyweshwa humo, na atoke usiku tu ikilazimu. Daktari anaweza kumpa mkaa maalumu wa kunyonya sumu tumboni, kwa kuwa sumu ya lantana huendelea kufyonzwa kwa siku kadhaa. Kumpaka mafuta na kumrudisha juani ni kumuumiza mara ya pili.

Kuku asiye na manyoya

Anza kwa kuuliza manyoya yametoka wapi. Yakianza kutoka kichwani na shingoni, kisha kifuani, mgongoni, mabawani na mkiani, kwa kuku aliyekwisha kutaga kwa takriban mwaka mmoja na ambaye sasa ameacha kutaga, hilo ni badiliko la kawaida la manyoya. Vishina vipya, vigumu na vyenye ncha, huonekana vikichomoza. Unyoya ni karibu wote protini yenye salfa nyingi, hivyo mahitaji ni chakula chenye dagaa, soya au alizeti, wala si dawa.

Mgongo na nyuma ya kichwa vikiwa wazi kwa tetea peke yao, chanzo ni jogoo, punguza majogoo. Manyoya yakikosekana kuzunguka mkia na kwenye sehemu ya kutolea kinyesi, pengine pakiwa na damu, kuku wanadonoana, na hapo chunguza msongamano, mwanga mkali kupita kiasi, upungufu wa vyombo vya chakula na uhaba wa protini au chumvi. Mafungu ya mayai meupe yaliyogandamana kwenye mashina ya manyoya sehemu hiyohiyo huonyesha chawa.

Utitiri mwekundu huwapotosha wengi, kwa sababu kuku akikaguliwa mchana huonekana safi. Dermanyssus gallinae hujificha kwenye nyufa na viungo vya mbao mchana, kisha hutoka usiku kufyonza damu. Kuku wenye upanga uliopauka, wanaokataa kuingia bandani jioni, wakaguliwe kwa tochi saa mbili baada ya giza, na chini ya fito za kulalia papitishwe karatasi nyeupe. Madoa mekundu yatajibu swali. Kumpaka kuku dawa pekee hakutoshi, kwa kuwa makao ya utitiri ni banda lenyewe, na nyufa zake ndizo zinazostahili kunyunyizwa na kuzibwa.

Miguu ambayo magamba yake yameinuka na kuweka unga mgumu ina kimelea kiitwacho Knemidocoptes mutans. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ondoa yaliyolegea bila kuyang'oa kwa nguvu, kisha paka mafuta mazito ya mgando yanayowakosesha hewa, ukirudia kila siku chache kwa wiki kadhaa. Vidonda vyenye gaga jeusi kwenye upanga, ndevu na kope, hasa kwa vifaranga wakubwa msimu wa mbu, ni ndui ya kuku, ambayo haina tiba ila ina chanjo ya kuchoma kwenye utando wa bawa. Siku 7 hadi 10 baadaye kagua mahali palipochomwa: pasipokuwa na kivimbe, chanjo haikushika.

Dalili zisizoruhusu kubahatisha

Magaga kwenye midomo ya vitoto vya mbuzi, pasipo homa kubwa, aghalabu ni orfu, ambayo hupona katika wiki chache na huambukiza mikono ya mkamuaji. Yakiandamana na homa kali, makamasi, kuharisha na vifo, shuku sotoka ya mbuzi na kondoo. Malengelenge juu ya ukwato pamoja na udenda hutaka kufikiria ugonjwa wa miguu na midomo. Nguruwe mwenye homa na masikio au tumbo lililogeuka wekundu wa zambarau huenda ana homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina tiba. Katika hali zote hizi taarifa itolewe kabla ya kununua dawa yoyote. Naye mnyama aliyekufa ghafla huku damu isiyoganda ikitoka puani au sehemu ya haja asichunwe kwa hali yoyote, hata ngozi yake ikiwa nzuri namna gani, kwa kuwa huenda ni kimeta, na kumpasua huzifanya mbegu za bakteria wake kuenea ardhini na kumhatarisha mchunaji.

Kuchukua sampuli

Iwapo chanzo hakijajulikana, sampuli ya ngozi itatoa jibu kwa gharama ndogo kuliko dozi ya tatu ya dawa isiyofaa. Maabara za serikali, kama vile Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania au maabara kuu ya mifugo ya Kabete nchini Kenya, hupokea sampuli hizo kupitia daktari wa mifugo. Kwa ukurutu, kwangua ukingo wa kidonda ambako kimelea bado kiko hai, wala si katikati palipokauka, ukitumia wembe butu uliopakwa mafuta kidogo, hadi ngozi ianze kutoa vitone vya damu. Kwa choa, ng'oa kwa koleo nywele zilizovunjika ukingoni mwa baka na uziweke kwenye bahasha ya karatasi, kwa kuwa mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kuotesha kuvu nyingine. Kwa magaga ya masika, peleka gaga zima likiwa kavu. Kila bahasha iandikwe aina ya mnyama, umri, sehemu ya mwili, tarehe, na dawa zote alizokwisha kupewa pamoja na siku alizopewa.